Kuachia Mapema

Mpaka alipooneshwa ule ujumbe, mwanamke yule alikuwa amebisha kila kitu kilichowekwa mezani.

Alibisha kwamba siku ya mechi alichelewa kufika uwanjani. Alikuwa amewahi, akasubiri ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo kama walivyousubiri wengine. Alibisha kwamba aligombana na mpinzani wake; walikuwa wamegombania taulo, na taulo lilikuwa lake. Alibishia hata kile kilichokuwa kwenye video: zile servisi zilizonasa wavuni moja baada ya nyingine katika gemu ya mwisho ya seti ya tatu, mechi ikaisha bila mpinzani kulazimika kuinua raketi.

"Ndiyo, nilizipiga wavuni," alisema. "Kwani wewe Inspekta hujawahi kujikwaa barabarani? Watu walikuuliza nani amekulipa ujikwae?"

Koplo aliyekaa pembeni akiandika maelezo aliinama ili asionekane anacheka.

Mashabiki walimwita mchezaji huyo Radi, kwa servisi yake ambayo enzi zake nzuri ilipita kabla haijasikika. Kamati ya Maadili ya shirikisho la tenisi ilikuwa ikutane kesho yake asubuhi kumjadili. Ikiridhika kwamba aliuza mechi, angefungiwa maisha, na jalada lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Katibu wa shirikisho alikuwa amekwisha kupiga simu kuuliza, kwa upole wa mtu mwenye haraka, kwa nini jambo lililo wazi bado halijaandikwa.

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye desturi ya kuulizia mambo madogo kwanza na kuliacha kubwa lije lenyewe. Sasa alilisukuma kubwa hilo mezani: karatasi moja yenye mstari mmoja.

*Kesho ikifika seti ya tatu, ataachia mapema. Wekeni.*

Ujumbe huo ulikuwa umetumwa siku moja kabla ya mechi, kwenye kundi la simu la watu wanaobeti tenisi. Waliweka, wakashinda. Kisha mmoja wao aligombana na wenzake, akaupeleka kwa kampuni ya kubeti iliyowalipa, na kampuni ikaupeleka polisi. Laini iliyoutuma ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Radi aliusoma. Akausoma tena. Kidole chake, kilichokuwa kikizungusha kifuniko cha chupa ya maji, kilitulia.

"Nani ameandika hivi?" Inspekta aliuliza.

"Sijui."

"Unaelewa kinachosemwa?"

"Sina la kusema."

"Sasa hivi ulikuwa na la kusema kuhusu taulo."

"Inspekta, nimesema sina la kusema. Mwambie kaka hapo aandike hivyo."

Akaisukuma karatasi irudi upande wa Inspekta.

Nje, kwenye korido, Koplo alifunga faili kwa kishindo. Kituoni walimwita Mkeka, kwa sababu kila mwisho wa juma alibeti mechi nyingi kwa pamoja katika orodha ndefu, yaani mkeka, na kila mwanzo wa juma mkeka huo ulikuwa umechanika.

"Amekamatika, Afande," alisema. "Umeona uso? Mimi naujua uso ule. Ndio wangu wa kila Jumapili."

"Mtu aliyekamatwa hutafuta mlango, Mkeka. Huyu ameufunga."

"Labda amechoka kubisha."

"Amebishana nami kuhusu ufunguo na taulo, mambo yasiyomfunga mtu. Limefika la kumfunga, akanyamaza." Inspekta alichukua faili. "Ama hajui la kusema, ama anajua zaidi ya tulichomuuliza. Twende kwa kaka yake."

Kaka yake Radi ndiye aliyekuwa amejitolea kusaidia. Alipiga simu mwenyewe kituoni, akajitambulisha kuwa mtaalamu wa takwimu katika kampuni ya bima, akasema angeweza kuthibitisha kwa hesabu kwamba dada yake hakuuza mechi. Jina lake lilikuwa tayari kwenye faili kwa sababu nyingine: wiki chache kabla ya mechi alimtumia Radi fedha, na Katibu wa shirikisho alikuwa amezipigia mstari mwekundu. Risiti za hospitali zilionesha kwamba zote ziliishia kwenye matibabu ya bega.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu, yenye dirisha lililotazama migongo ya viyoyozi vya jengo jirani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu. Aliwavutia viti kabla ya kusalimiana nao, akageuza kompyuta ili waione wote.

"Watu wanabeti kwa jina, Inspekta," alianza. "Wanaangalia mchezaji yuko wapi kwenye orodha ya ubora, ameshinda mara ngapi karibuni, basi wanaweka. Ni sawa na kumchagua daktari kwa ukubwa wa jengo lake."

"Na mwenye akili anaangalia nini?"

"Servisi ya pili." Uso wake ulichangamka. "Ya kwanza mtu anaipiga kwa majivuno. Ikikosa, ana nyingine. Ya pili anaipiga na hofu yake yote, maana ikikosa hiyo, pointi imekwenda. Nitafutie pointi anazoshinda kwa servisi ya pili. Usizijumlishe, zitenganishe: seti ya kwanza peke yake, ya tatu peke yake, uwanja wa saruji, uwanja wa udongo, siku ya joto, siku ya mawingu. Halafu linganisha na jinsi mpinzani anavyorudisha servisi dhaifu. Nitakwambia atakavyocheza kesho kabla hajaamka."

"Lo!" Koplo alisema. "Na mimi miaka yote naangalia nani kavaa viatu vipya."

Mtakwimu alicheka. Kilikuwa kicheko cha mwalimu aliyempata mwanafunzi.

"Wengi wako kama wewe, ndugu yangu. Ndio maana bei zinakosewa. Kampuni inapanga odi, yaani kiasi itakacholipa, kwa kufuata wanachoamini walio wengi. Ukijua kitu kimoja cha kweli ambacho wengi hawakijui, huhitaji bahati."

Alifungua mchoro. Mstari wa Radi ulikwenda sawasawa katika seti ya kwanza na ya pili. Katika ya tatu uliporomoka.

"Hii si mechi moja," alisema. "Ni msimu mzima, na uliotangulia. Kila seti ya tatu, hivi hivi. Mtu anaweza kuuza mechi moja. Hawezi kuuza uchovu wa misimu miwili. Chukueni mkaioneshe Kamati."

Inspekta aliutazama mchoro kwa makini. "Mtu mwingine angeweza kuyaona haya?"

"Takwimu za jumla ziko mtandaoni."

"Za seti moja moja, kwa mashindano madogo kama haya?"

"Hizo hapana. Hizo nimezikusanya mwenyewe. Nimempiga video tangu anacheza kwa raketi za kuazima." Alilisema kwa fahari.

"Umemwonesha nani?"

"Hakuna."

"Hata yeye mwenyewe?"

"Mchezaji haoneshwi namba zake msimu ukiwa unaendelea. Zinamvuruga."

"Na hasa nini kinachoharibika katika seti ya tatu? Mwili unafanya nini?"

"Kiwango cha servisi zinazoingia kinashuka hadi chini ya nusu."

"Hizo ni namba. Nimeuliza mwili."

"Uchovu, Inspekta." Aliurudisha uso wa kompyuta upande wake. "Uchovu tu."

Viwanja vya zamani vya tenisi vilikuwa nyuma ya jengo la posta, vimezungushiwa wavu wa chuma uliolegea. Baba yake Radi na Mtakwimu ndiye aliyewafundisha watoto wake hapo, na jioni hii alikuwa akiwafundisha wafanyakazi wa maofisini waliokuja kupunguza vitambi. Wote walimwita Kocha. Inspekta alikuwa amekuja kumuuliza jambo dogo, kuhusu ule ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo. Hakuliuliza. Kabla hajafika langoni, sauti ya mzee ilipasua uwanja.

"Umeachia mapema! Mama Mhasibu, umeachia mapema tena! Mpira si kaa la moto! Upeleke mpaka usawa wa paji la uso, ndipo uuache!"

Inspekta alisimama. Koplo, aliyekuwa nyuma yake, nusura amgonge.

"Afande..."

"Nimesikia."

Mama Mhasibu alijaribu tena; mpira ukaenda mbele na chini, raketi ikaufuata, ukanasa wavuni. Wenzake wakamshangilia kwa kejeli. Kocha alivua kofia, akawasogelea wageni akipangusa jasho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kujifunza au umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kujifunza. Hilo neno unalomwambia, kuachia mapema, lina maana gani?"

Swali lilimfurahisha. Alitoa mpira mfukoni, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Makocha wengine wanasema *kurusha*. Wanaharibu watu. Ukimwambia mtu arushe, atatupa. Mpira wa servisi hautupwi, mama, unasindikizwa. Kama mgeni. Mgeni humwachi mlangoni. Unamsindikiza mpaka njia panda, hapo ndipo mnaagana." Mkono ulipanda taratibu, vidole vikafunguka usawa wa paji la uso, mpira ukapanda wima, ukarudi kiganjani. "Sasa mtu akichoka, au bega la kupigia likimuuma, mkono huu wa kushoto unaingiwa na haraka. Unamwacha mgeni mlangoni. Mpira unakwenda mbele na chini, na raketi inaufuata wavuni. Huko ndiko kuachia mapema."

"Na nani mwingine hulitumia neno hilo hivyo?"

"Waliokulia nyumbani kwangu. Hawa," alionesha kwa kidevu kule uwanjani, "wananisikia miezi miwili wanaacha. Wanangu wamelinyonya na maziwa. Mmoja akajifunza kuachia vizuri, mwingine akajifunza kuwahesabia makosa wanaoachia vibaya." Alicheka. "Kwa nini unauliza?"

"Najifunza mchezo, Mzee."

"Umechelewa kidogo, lakini karibu. Njoo na viatu."

Wakirudi kwenye gari, Koplo alisubiri mpaka milango ikafungwa.

"Kumbe ujumbe haukusema atauachia mchezo," alisema. "Ulisema atauachia mpira."

"Sisi tulisoma Kiswahili cha mtaani, mwandishi aliandika cha nyumbani kwao. Na Radi aliposoma, alisoma cha nyumbani kwao."

"Ndipo akafunga mlango."

Inspekta aliwasha gari. "Na nyumbani kwao mwenye hesabu za seti ya tatu ni mmoja tu."

Walimkuta Mtakwimu akishuka ngazi za ofisini, begi mkononi. Inspekta hakumrudisha juu. Walisimama pale ngazi zinapokata kona, kati ya ghorofa mbili, akampa ile karatasi.

"Soma kwa sauti."

"Hii ni nini?"

"Soma tu."

Alisoma. Haikuwa ile sauti iliyoeleza servisi ya pili.

"Mimi nililisoma vibaya," Inspekta alisema. "Katibu pia, kampuni pia. Wote tulidhani mtu anasema dada yako atauacha mchezo kwa makusudi. Sisi hatukulelewa na baba yako."

Mtakwimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Alikifuta kioo kimoja, akarudia kile kile.

"Umelijua lini?" Inspekta aliuliza. "Simaanishi namba. Mkono."

"Msimu uliopita. Nilipunguza kasi ya video, nikauona mkono wa kushoto unakimbia. Nilipoulinganisha na mechi nyingine, nikaukuta kwenye seti za tatu tu."

"Ukamwambia?"

Alilitua begi chini.

"Nimeuliza kama ulimwambia."

"Ningemwambia, angerekebisha," alisema hatimaye. "Ni kosa la wiki mbili za mazoezi. Angerekebisha, na ile tofauti ingepotea. Unaelewa? Wote waliendelea kumwona ni Radi. Odi zikaendelea kupangwa kwa Radi wa zamani. Mimi peke yangu nilijua nani anacheza seti ya tatu."

"Kwa hiyo ulimwacha aendelee kuanguka, ili ubeti dhidi yake."

"Sikumwangusha. Nilitabiri. Ningeacha kubeti, angeshinda?"

"Ungefungua mdomo, angeshinda."

Mtu mmoja alishuka ngazi akiwapita, akasalimia. Wote watatu wakaitikia salamu kwa ukamilifu, wakasubiri nyayo zake ziishe.

"Na bega lake?" Inspekta aliendelea. "Mkono wa kushoto ukiwa na haraka, wa kulia unapiga mpira uliopotea njia. Kila seti ya tatu ulikuwa ukiliona bega lile linaumia."

"Nililipa matibabu."

"Kwa fedha za wapi?"

Alirudisha miwani usoni.

"Kaka," Koplo alisema taratibu, "mimi mkeka umenifikisha pabaya. Nimeuza mpaka redio ya marehemu mama. Lakini hii yako..."

"Nimevunja sheria gani?" Mtakwimu aliuliza. Hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kuoneshwa ukurasa.

"Ya kutumia laini ya simu yenye jina la marehemu. Utatozwa faini. Kanuni za shirikisho zinawabana wachezaji na makocha, na wewe si mmoja wao. Kwa hilo lingine sijaona kifungu."

"Basi nitaandika maelezo. Niliandika mimi, na neno lina maana ile. Radi ataachiwa."

"Utaandika. Kesho Kamati itasema kaka amejitwika mzigo amwokoe dada, na neno amelitungia maana leo jioni. Radi akisema, ni mshtakiwa anajitetea. Anatakiwa mtu wa tatu, anayelijua neno na asiyejua linaulizwa kwa nini."

Alielewa kabla Inspekta hajamaliza. Alishika ukingo wa ngazi.

"Usimwite Baba."

"Nani mwingine?"

"Inspekta, nakuomba. Nakupigia magoti kama unataka. Mchukue yeyote. Mchukue mmoja wa wanafunzi wake..."

"Miezi miwili wanaacha. Amesema mwenyewe."

"Mwulizeni maana tu. Msimwambie nani aliandika."

"Hatamaliza sentensi bila kujua," Inspekta alisema. "Wewe ndiye uliyeifanya sentensi hiyo iwe na mwandishi mmoja tu duniani."

Radi aliambiwa kabla ya baba yake kufika. Inspekta aliona ni haki yake. Alisikiliza akiwa ameketi wima, mikono juu ya mapaja.

"Nilijua ni yeye nilipousoma tu," alisema. "Nilidhani ameropoka. Ametaka kujionesha kwa watu, na watu wakampokonya maneno. Kaka yangu ni mtu wa kujionesha kwa namba, tangu mdogo."

"Ungefungiwa maisha, na jela juu yake."

"Ningesema mimi si mwizi, ningekuwa nimesema mwizi ni nani. Baba angeishi na hilo?" Aliinua mabega, la kulia halikupanda sawa na la kushoto. "Andika niliuza. Bega lenyewe hili limebaki la kufulia. Nifungiwe nini?"

"Siandiki uongo, dada."

"Hata ukiombwa na anayeumia?"

"Hasa hapo."

Radi alitazama ukuta, kisha akageuka. "Umesema alijua tangu lini?"

"Msimu uliopita."

Mkono wake wa kushoto uliinuka taratibu kutoka pajani, kiganja juu, ukafika usawa wa kidevu, ukakwama hapo.

"Msimu uliopita nilimuuliza," alisema. "Tulikuwa jikoni kwake. Nikamwambia, Kaka, wewe unanipiga video, nakosea wapi? Akanitilia chai. Akasema, pumzika mdogo wangu, ni uchovu tu."

Baada ya hapo hakumwomba Inspekta lolote.

Kocha alifika na shati lililopigwa pasi, mpira wa tenisi ukiwa umevimbisha mfuko wa suruali. Alikuwa ameambiwa kwamba maelezo yake yangeweza kumsaidia binti yake; hakuwa ameambiwa zaidi. Inspekta alimsomea utangulizi, akamuuliza jina na kazi, kisha akamwomba aeleze, kwa ajili ya kumbukumbu, maana ya *kuachia mapema*.

Mzee alisimama. Alisema hawezi kueleza servisi akiwa amekaa. Akaeleza vizuri kuliko alivyoeleza uwanjani, mgeni na mlango na njia panda. Koplo akaandika yote, hata kilichokuwa mzaha.

"Swali la pili, Mzee. Mtu akiandika hivi: *kesho ikifika seti ya tatu, ataachia mapema*. Yeye anamaanisha nini?"

"Anamaanisha bega litachoka, na mkono wa kushoto utakimbia. Servisi zitakwenda wavuni." Alitabasamu. "Huyo ana jicho. Kujua jambo hilo kesho yake haijafika, lazima uwe umemtazama mchezaji kwa miaka. Anasema habari za nani?"

"Za Radi."

"Ahaa! Basi mmempata wa kumtetea. Huyo mtu mleteni mbele ya Kamati. Mimi mwenyewe ningemwajiri. Ni kocha wa wapi?"

Kalamu ya Koplo ilisimama. Inspekta alikuwa na swali la tatu limeandikwa mbele yake, na hakulisoma.

Kocha alimtazama Inspekta. Akamtazama Koplo, ambaye alikuwa akiitazama meza. Akaketi.

"Alimwandikia nani?" aliuliza, kwa sauti nyingine.

"Watu wanaobeti, Mzee."

"Wabeti kwamba atashinda?"

"Kwamba atashindwa."

Katika chumba cha jirani mtu alikuwa akicheka kwenye simu. Walimsikia mpaka alipomaliza na kuaga.

"Macho yangu hayafiki tena kule," mzee alisema. "Nakaa nyuma ya wavu naona nguo nyeupe inakwenda na kurudi. Mkono siuoni. Nikampa kijana wangu kazi hiyo. Nikamwambia, mtazame mdogo wako. Ukiona kitu, niambie, mimi najua kukirekebisha. Kila baada ya mechi nilimuuliza: umeona nini? Ananiambia, yuko sawa, Baba." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Nilikuwa najisifu kwa watu. Nasema huyu wa kiume hajui hata kushika raketi, lakini hakosi mechi moja ya dada yake."

Inspekta alimwacha. Hakumpa maji, wala pole.

"Nikisaini hiyo," Kocha aliuliza, "binti yangu wanamwacha?"

"Kamati ndiyo itakayoamua. Ila ule ujumbe hautakuwa tena ushahidi kwamba aliuza, na hawana kingine kikubwa."

"Na kijana?"

"Faini ya laini ya simu. Sheria haina shida naye."

"Sheria haina shida naye," mzee aliyarudia maneno hayo. "Lete."

Koplo alimsomea maelezo kuanzia juu. Mwishoni yalikuwepo maneno yaliyochapwa, yale ambayo kila shahidi huyasaini: *Maelezo haya nimesomewa, nimeyaelewa, na ni ya kweli.* Kocha alishika kalamu, akaiinamia karatasi, kisha akainuka nayo.

"Nimesomewa," alisema. "Ni ya kweli. Hilo la katikati litoeni."

"Mzee, ni maneno ya kawaida tu," Koplo alisema. "Kila mtu..."

"Nimesema litoeni, mwanangu."

Koplo alimgeukia Inspekta. Inspekta alichukua rula, akapiga mstari juu ya neno moja, akaweka saini yake pembeni kama taratibu zinavyotaka neno linapofutwa, akamsogezea mzee karatasi ili naye aweke yake.